Riwaya ya Karima: Wanawake Ndani ya Isnadi Tunazozisoma

   

Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, dada zetu waliomba jambo moja. Waliomba dada aliyekwisha kusoma Arubaini Nawawi na Bulugh al-Maram kwa masheikh awe anasomesha darsa ya hadithi kila Jumamosi, na anayetaka kusikiliza, awe kaka au dada, aje. Ndugu mmoja, ambaye namheshimu kwa bidii yake, akasimama akasema jambo hilo halijapata kutokea tangu elimu ya hadithi ianze. Wanawake, alisema, walipokea mambo ya nyumbani tu, na elimu yenyewe ikabebwa na wanaume. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi ninayesomea fani hii nilinyamaza, kwa sababu zaidi ya Bibi Aisha (r.a.) sikuwa na jina hata moja la kutaja. Kikao kikaahirishwa, na mpaka leo ombi lile halijapata jibu.

Haya ninayoyaandika nilipaswa kuyasema usiku ule.

Tuanze na kitabu ambacho sote tunakijua

Imamu Bukhari alifariki mwaka 256 Hijria (870). Sahihi yake haikuchapwa kiwandani. Ilisomwa kwa sauti, ikasikilizwa, ikanakiliwa kwa mkono, kisha aliyeisikia akawasomea wengine. Mashuhuri zaidi katika walioisikia kwa Bukhari mwenyewe ni Muhammad bin Yusuf al-Firabri, aliyefariki 320 Hijria (932). Kwa Firabri waliisikia watu kadhaa, na mmoja wao ni Abu al-Haytham al-Kushmihani, mtu wa pande za Marw, mji ambao magofu yake yamo Turkmenistan ya leo. Huyu alifariki 389 Hijria (999).

Sasa fungua utangulizi wa Fat-h al-Bari, sharhe kubwa ya Bukhari iliyoandikwa na Ibn Hajar al-Asqalani (alifariki 852 Hijria, 1449). Anapotaja njia ambazo kitabu hiki kilipitia, Ibn Hajar anataja waliopokea kwa Kushmihani, na miongoni mwao yumo Karima binti Ahmad al-Marwaziyya. Hamtaji kwa ajili ya kupamba orodha. Ndani ya sharhe yenyewe, kila maneno ya hadithi yanapotofautiana baina ya nakala na nakala, Ibn Hajar husimama akaeleza neno fulani limekujaje katika riwaya ya Abu Dharr, katika riwaya ya al-Asili, na katika riwaya ya Karima. Jina lake linajirudia katika kitabu kile mara nyingi mno. Mimi nimelipita macho miaka miwili nikidhani ni jina la mwanamume, au pengine la mji. Aibu hiyo ni yangu.

Karima, aliyeitwa pia Umm al-Kiram, alitoka Marw akaenda kuishi Makka, jirani na Nyumba Tukufu, na huko akasomesha mpaka kufa kwake. Hakuolewa. Kauli yenye nguvu ni kwamba alifariki mwaka 463 Hijria (1070), akiwa amekaribia umri wa miaka mia. Hesabu mwenyewe: kutoka kufa kwa Bukhari mpaka kufa kwa Karima ni miaka 207 ya Hijria, na baina yao wapo watu wawili tu, Firabri na Kushmihani. Ndiyo maana watu walimwendea. Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahistoria wa Baghdad na mmoja wa vigogo wa elimu ya hadithi, alipokwenda Hija aliisoma Sahihi yote mbele ya Karima kwa siku tano. Siku tano, kitabu kizima! Na alipomaliza alikuwa na isnadi ambayo Baghdad asingeipata kwa urahisi.

Kuna kisa cha Karima alichokihifadhi Imamu Dhahabi katika Siyar A'lam al-Nubala, ambacho kwangu ni kizito kuliko sifa zote alizopewa. Abu al-Ghanaim al-Narsi, mwanachuoni wa Kufa, anasimulia kwamba Karima alimtolea nakala yake ya Sahihi. Akakaa mbele yake, akanakili karatasi saba, akazisoma. Kisha akataka kwenda kuzilinganisha peke yake. Karima akakataa: hapana, mpaka azilinganishe pamoja naye. Akakaa, wakalinganisha.

Tuelewe kilichokuwa kinatendeka pale. Katika elimu ya hadithi, kunakili hakutoshi. Baada ya kunakili huja kazi inayoitwa mu'aradha au muqabala: mmoja anashika nakala ya asili, mwingine nakala mpya, wanasoma neno kwa neno, na palipokosewa panasahihishwa papo hapo. Nakala isiyolinganishwa wanavyuoni waliiona kama kazi ambayo haijakamilika. Mtu akilinganisha peke yake, jicho lake humdanganya, husoma anachokitarajia badala ya kilichoandikwa. Karima alilijua hilo, na hakuwa tayari jina lake liwekwe juu ya karatasi ambazo hajazihakikisha. Huyu si mtu aliyepewa ijaza kwa heshima ya baba yake akakaa nayo ndani. Ni mlinzi wa kitabu. Linganisha na sisi, ambao tunarushiana faili za PDF kwenye vikundi vya WhatsApp na kuzinukuu katika makala za darasani bila kujua ni toleo gani, wala nani alilihakiki.

Kabla yake na baada yake

Nirudi nyuma kidogo, kwa haraka, maana haya wengi mnayajua. Karatasi za Qur'ani zilizokusanywa wakati wa Abu Bakr (r.a.) zilikaa kwake, kisha kwa Umar (r.a.), kisha kwa Hafsa binti Umar (r.a.). Uthman (r.a.) alipotaka kunakili misahafu ya kupelekwa mijini, alituma kwa Hafsa kuziomba, zikanakiliwa, akamrudishia. Bibi Aisha (r.a.) anahesabiwa kuwa na hadithi 2,210, naye ni miongoni mwa maswahaba waliopokea kwa wingi zaidi.

Lakini si wingi tu. Imamu Zarkashi (alifariki 794 Hijria, 1392) aliandika kitabu kizima, al-Ijaba, kukusanya mahali ambapo Bibi Aisha aliwasahihisha maswahaba. Mfano mashuhuri uko ndani ya Bukhari. Alifikishiwa kauli kwamba mwanamke, punda na mbwa wakipita mbele ya anayeswali hukata swala yake. Akakasirishwa na kufananishwa kwao na wanyama, akajibu kwa alichokiona: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswali usiku naye amelala kitandani baina yake na kibla. Hakusema tu kwamba kauli ile haimpendezi. Alitoa ushahidi, na wanavyuoni wa fiqhi wanaujadili mpaka leo. Mambo ya nyumbani, alisema ndugu yetu. Ni kweli, hili lilitokea chumbani. Lakini hukumu yake inamgusa kila anayeswali msikitini.

Ukija upande wa pili wa Karima, majina yanakuwa mengi. Shuhda al-Katiba wa Baghdad (alifariki 574 Hijria, 1178) alikuwa na mwandiko mzuri uliompa lakabu yake, na Ibn al-Jawzi na Ibn Qudama wote wawili walisoma kwake. Sisi tunaosoma fiqhi ya Hanbali tunamnukuu Ibn Qudama asubuhi na jioni! Ibn Asakir, mwandishi wa historia kubwa ya Damascus, aliwahesabu miongoni mwa walimu wake wanawake zaidi ya themanini. Fatima wa Samarkand, binti wa mwanachuoni wa Hanafi, alikuwa faqihi: fatwa zilitoka nyumbani kwao zikiwa na saini yake na ya baba yake, na alipoolewa na al-Kasani ikaongezeka ya mumewe. Sheikh Muhammad Akram Nadwi, mzaliwa wa India anayeishi Uingereza, alianza kukusanya majina ya wanawake waliopokea hadithi akidhani ni wachache. Kazi yake ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na juzuu 43, na wanawake wapatao 10,000.

Kwa nini wengi walikuwa bibi vizee?

Hapa pana jambo ambalo halisemwi sana, nalo ndilo lililonifungua macho. Ukisoma tarehe za wanawake hawa utakuta karibu wote waliishi umri mrefu. Si sadfa. Katika karne zile isnadi fupi ilitafutwa kama dhahabu, kwa sababu kila mtu anapopungua katika mnyororo, nafasi ya kosa inapungua, na msomaji anamkaribia Mtume (s.a.w.). Basi familia za wanavyuoni zilikuwa na desturi: mtoto akiwa bado mdogo sana, hupelekwa kwenye kikao cha sheikh mzee na jina lake huandikwa katika orodha ya waliosikia. Sheikh akifa baada ya miaka michache, na mtoto akaishi miaka tisini, atakuwa amebaki peke yake duniani mwenye isnadi ile.

Aisha binti Muhammad bin Abd al-Hadi wa Damascus alizaliwa 723 Hijria (1323). Alipokuwa na umri wa takriban miaka minne alisikilizishwa Sahihi al-Bukhari kwa sheikh mzee aitwaye al-Hajjar, ambaye alifariki 730 Hijria. Aisha akaishi mpaka 816 Hijria (1413). Ibn Hajar, yule yule wa Fat-h al-Bari, alisafiri kutoka Misri akamsomea vitabu vingi. Mwanachuoni mkubwa wa zama zake amekaa mbele ya bibi kizee ili apate alichokipata akiwa mtoto.

Mwenzake wa kizazi kilichotangulia ni Zaynab binti al-Kamal (646 hadi 740 Hijria, 1248 hadi 1339), pia wa Damascus, aliyekuwa na ijaza nyingi kiasi cha kupigiwa mfano wa shehena ya ngamia. Mwaka 1326 kijana mmoja wa Morocco alipita Damascus, akasikiliza Bukhari kwa al-Hajjar katika Msikiti wa Umayya, na anasimulia kwamba miongoni mwa waliompa ijaza huko alikuwemo Zaynab. Kijana huyo ni Ibn Battuta. Miaka mitano hivi baadaye alikuwa Mombasa na Kilwa, akiwasifu watu wa huko kwa dini yao na misikiti yao ya mbao. Kwa hiyo aliyeswali pamoja na wazee wa pwani yetu alikuwa amebeba ijaza ya mwanamke. Sijui kama waliulizana.

Tusizidishe chumvi

Kila ufikapo mwezi Machi tunabandika mabango ya wanawake wa Kiislamu. Sina ugomvi na mabango. Ugomvi wangu ni kwamba sisi tunaoidai isnadi kwa kila mtu, tunapofika kwa wanawake tunakubali chochote kinachopendeza.

Chukua bango linalosema Fatima al-Fihri alianzisha chuo kikuu cha kwanza duniani, al-Qarawiyyin wa Fez, mwaka 859. Kisa chake kimekuja kwetu hasa kupitia Ibn Abi Zar', aliyeandika katika karne ya 14, zaidi ya miaka mia nne baada ya tukio. Na kilichojengwa kilikuwa msikiti. Halaka za elimu zikakua ndani yake kadiri karne zilivyopita. Sisemi kisa ni cha uongo. Nasema mtu akituletea hadithi yenye pengo la miaka mia nne tunamrudisha, kwa nini hapa tunapiga takbir? Karima hana pengo. Wanafunzi wake wanatajwa, nakala yake inatajwa, mwalimu wake anatajwa. Na bango lake sijawahi kuliona.

Tuseme pia kwamba njia haikuwa wazi siku zote. Asma Sayeed, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2013, anaonyesha kwamba baada ya kizazi cha maswahaba na waliowafuata, wanawake walipungua sana katika isnadi kwa muda wa karne mbili hivi. Elimu ilianza kudai safari ndefu za miezi na miaka, na kukaa na masheikh wengi wa miji ya mbali, jambo ambalo kwa mwanamke lilikuwa gumu. Walirudi kwa wingi baadaye, vitabu vilipokwisha kuandikwa na familia za elimu zikawa zinawasomesha mabinti zao nyumbani. Na hata waliporudi, vyeo vya kulipwa katika madrasa vilibaki kwa wanaume. Wengi wa wanawake hawa walisomesha majumbani na misikitini bila mshahara. Anayesema wanawake walikuwa sawa na wanaume katika kila daraja la elimu atakuwa ameongeza, na anayesema hawakuwepo atakuwa amefuta.

Kuhusu ombi la dada zetu, mimi si mufti. Maswali ya pazia, ya wakati, ya mahali na ya adabu za kikao yana masheikh wake, na tuwaulize. Ila tukiwauliza tusiwapelekee hoja kwamba jambo hili halijapata kutokea. Lilitokea Makka, jirani na Kaaba, na aliyekaa mbele ya mwalimu alikuwa al-Khatib al-Baghdadi.

Wasiojulikana

Imamu Dhahabi katika Mizan al-I'tidal, kitabu cha wapokezi waliotiwa dosari, anasema kwamba hamjui mwanamke yeyote aliyetuhumiwa uongo katika hadithi wala ambaye wanavyuoni walimwacha. Maneno haya hunukuliwa sana, nami niliyafurahia nilipoyasikia mara ya kwanza. Kisha nikaenda kuyatafuta yalipo. Yapo mwanzoni mwa fasili ya wanawake wasiojulikana. Hawakudanganya, ila watu hawakuandika habari zao za kutosha: fulani mke wa fulani, mama wa fulani, basi. Katika elimu yetu, mpokezi asiyejulikana hadithi yake hudhoofika hata kama yeye alikuwa mkweli kuliko wote. Hasara inamwangukia yeye, na uzembe ni wa wengine.

Mimi nimelelewa Buyenzi, Bujumbura. Aliyenishikisha juzuu ya kwanza, akanifundisha kutamka ‘ain na hha mpaka koo likauma, alikuwa mwanamke. Tulimwita Mama Maalim. Alisomesha barazani kwake kwa miaka mingi, watoto wa mtaa mzima, kabla hatujapelekwa madrasa kubwa. Cheti changu cha kuhitimu Qur'ani kina saini ya maalim wa madrasa na muhuri wa msikiti. Mama Maalim hayumo. Nilipotakiwa kuandika wasifu wangu wa masomo kuja hapa chuoni nilianza na madrasa, kana kwamba nilifika pale nikiwa najua kusoma. Likizo iliyopita nilikwenda kwao kuuliza yeye alisoma kwa nani. Alikwisha kufariki, Allah amrehemu. Mwanawe alikumbuka kwamba mama yake alisomeshwa na shangazi yake, aliyekuja na ndoa kutoka Ujiji. Jina la huyo shangazi halikukumbukwa na yeyote pale nyumbani.

Mnyororo wangu umekatikia hapo. Nimewauliza wenzangu wa Nyamirambo, wa Goma na wa Kasese, na karibu kila mmoja ana mwanamke wa barazani katika mwanzo wake, na karibu hakuna aliyemwandika popote.

Kazi ya darsa

Ofisi ya jumuiya imekubali kutenga daftari moja. Kila mwanachama aandike ukurasa wake: nani alimsomesha Alifu, wapi, mwaka gani hivi, na mwalimu huyo alisoma kwa nani. Kama mwalimu yu hai, mpigie simu kwanza uombe idhini, na ukishaandika msomee alichokisema, asahihishe, kama Karima alivyomkalisha yule mtu wa Kufa. Asiyekumbuka jina aandike anachokikumbuka na aache nafasi.

Kwa wanaosoma Kiarabu, kila kikundi kichukue kurasa ishirini za Fat-h al-Bari kutoka Kitabu cha Elimu au Kitabu cha Swala, kitafute kila mahali palipotajwa riwaya ya Karima, kiandike ni neno gani lililotofautiana na kama maana inabadilika. Nakala ya maktaba yetu ni moja na haitolewi nje, kwa hiyo wekeaneni zamu. Kikundi cha kwanza kitasoma majibu yake Alhamisi ijayo baada ya Magharibi, inshaallah.